Muumini Asiyeruhusiwa Kuuliza: Mhadhara kuhusu Vyanzo vya Itikadi Kali na Vurugu za Kidini

   

Kusudi la mhadhara huu ni kueleza sababu zinazomfikisha mtu wa dini, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu ni mwenye rehema, mahali pa kumwaga damu ya jirani yake kwa jina la Mungu huyohuyo. Sababu hizo zitatafutwa katika dini zote kubwa bila kuipendelea wala kuisakama yoyote, kwa mifano ya dunia kwa ufupi na mifano ya Afrika Mashariki kwa urefu, na mwishoni zitapimwa dhidi ya hali ya mkoa wa Singida.

Kabla ya hoja zenyewe, inafaa istilahi mbili zielezwe. Itikadi kali, kwa maana itakayotumika hapa, ni msimamo wa mtu au kundi linalojiona kuwa ndilo pekee lililoushika ukweli, likamhesabu kila aliye nje yake, hata aliye wa dini ileile, kuwa adui wa Mungu, kisha likahalalisha kumdhuru. Kwa hiyo uchaji wa mtu anayefunga kila Jumatatu na Alhamisi, au wa mama anayekesha kanisani kila Ijumaa, haumo katika maana hiyo hata kidogo, na viongozi wa serikali wanaochanganya mambo haya mawili hujitengenezea maadui pasipo sababu. Vurugu za kidini nazo ni matendo ya kuua, kujeruhi, kuchoma au kubomoa ambayo watendaji wake huyatetea kwa hoja za dini, hata kama nyuma ya hoja hizo yamo mambo mengine.

Huenda msikilizaji akauliza kwa nini mada hii iletwe Singida, mkoa ambao ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuitwa mmoja Ramadhani na mwingine Elia, wakazikana na kusimamiana harusi bila mtu kushangaa. Mada imeletwa kwa sababu amani hiyo imerithiwa kwa desturi, haikuandikwa popote, na Mbagala, Buseresere na Zanzibar, ambazo ghasia zake zitaelezwa baadaye, zilikuwa na desturi kama hiyo kabla ya mwaka 2012.

Hoja ya kwanza: hakuna dini kubwa iliyo salama peke yake

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba ugaidi ni jambo la Waislamu, na wapo Waislamu wanaoamini kwamba kila mauaji yanayohusishwa na Uislamu yametungwa na maadui zao. Historia inazikataa imani zote mbili. Mwezi Julai 1099 wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliingia Yerusalemu na kuwaua Waislamu na Wayahudi waliowakuta humo. Mohandas Gandhi, Mhindu aliyefunga ili Wahindu na Waislamu wapatane, aliuawa tarehe 30 Januari 1948 na Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, aliyeona kwamba Gandhi anawapendelea Waislamu. Mwaka 1959 waziri mkuu wa Sri Lanka, Solomon Bandaranaike, alipigwa risasi na mtawa wa Kibudha, dini ambayo watu wengi huitaja kama mfano wa upole. Tarehe 25 Februari 1994, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Baruch Goldstein, daktari wa Kiyahudi, aliwamiminia risasi Waislamu waliokuwa wakiswali mjini Hebron na kuwaua 29. Tarehe 7 Agosti 1998 watu wa Al-Qaida walilipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika waliokwenda kazini asubuhi. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand.

Mfano wa Rwanda unahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni jirani na kwa kuwa hukumu zake zilitolewa Arusha. Mwezi Aprili 1994 Watutsi wa Nyange walikimbilia kanisani wakiamini kwamba hapo hawataguswa, na kanisa hilo likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Padri Athanase Seromba, aliyekuwa na dhamana ya parokia hiyo, na mwaka 2008 ikamhukumu kifungo cha maisha. Wauaji na waliouawa walisali sala moja na kupokea komunyo katika kanisa moja, wala hapakuwa na aya iliyobishaniwa baina yao, kwa maana mauaji yale yalikuwa ya kikabila na ya kisiasa. Fundisho la Nyange ni kwamba joho la dini halimzuii mtu kuua pale ambapo waumini wamezoea kumfuata aliyelivaa popote anapokwenda.

Hoja ya pili: malalamiko yasiyopata pa kusikilizwa

Mara nyingi husemwa kwamba umaskini ndio mama wa itikadi kali. Umaskini una sehemu yake, hasa mahali ambapo kijana hulipwa fedha taslimu ili ajiunge na kundi, lakini maelezo hayo hayatoshi. Mmoja wa watu wanne waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Singida nayo imeijua njaa na ukame kwa vizazi vingi bila kuchoma msikiti wala kanisa. Kinachoonekana mara kwa mara ni malalamiko, yaani hisia ya kundi kwamba linaonewa, pamoja na imani kwamba hakuna mlango wa kubisha.

Tanzania inayo malalamiko ya aina hiyo, na kuyanyamazia hakujawahi kuyaondoa. Mwaka 1968 Serikali iliifuta Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwaka huohuo likaundwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Tangu hapo baadhi ya Waislamu wameliona baraza hilo kuwa ni la Serikali kuliko kuwa lao. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini hati ya maelewano kuhusu huduma za afya na elimu, ambayo kwa baadhi ya Waislamu ni ushahidi kwamba fedha za umma hupitia mikono ya upande mmoja. Mwezi Februari 1998 polisi walipambana na waumini katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa kwa risasi. Jina la Mwembechai likawa neno la kwanza katika kila hotuba ya uchungu iliyofuata.

Wakristo nao wana yao. Miaka ya 1980 na 1990 walisikiliza kwa vipaza sauti mihadhara ya kulinganisha dini iliyokuwa ikiishambulia imani yao viwanjani, na mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam. Makanisa yalichomwa Zanzibar mwezi Mei 2012. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi kisiwani Unguja alipokuwa akienda kuongoza ibada ya Jumapili, na tarehe 5 Mei mwaka huohuo bomu lilirushwa katika uzinduzi wa parokia ya Olasiti, Arusha.

Wasikilizaji wa Singida wanaweza kuipima hati ya 1992 kwa macho yao wenyewe. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Itigi, ya Makiungu, ya Iambi na ya Kilimatinde zote ni za makanisa, na katika wodi zake wanalala wagonjwa wa dini zote. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba Muislamu wa Manyoni anayetaka kujua kodi yake imeingiaje katika hospitali ya kanisa ana haki ya kuonyeshwa hesabu bila kuitwa mchochezi. Pande zote mbili zingekuwa na hoja nyepesi zaidi kama hesabu hizo zingewekwa mezani. Hali ni hiyohiyo kwa ubishi wa wingi wa waumini: tangu sensa ya 1967 swali la dini halijaulizwa katika sensa za Tanzania, kwa hiyo kila anayetangaza jukwaani kwamba dini yake ndiyo yenye watu wengi nchini, anatangaza idadi ambayo hakuna sensa ya karibuni iliyoihesabu.

Hoja ya tatu: mambo madogo yasiyo na mwamuzi

Mwezi Oktoba 2012 watoto wawili wa Mbagala, Dar es Salaam, mmoja Muislamu na mwingine Mkristo, walibishana kitoto kuhusu balaa litakalompata mtu atakayekidhalilisha kitabu cha Kurani, mmoja akakikojolea. Shauri lilikuwa la wazazi wawili, mwalimu wa madrasa na mjumbe wa nyumba kumi. Badala yake habari ilikimbia mitaani, mtoto akahifadhiwa kituo cha polisi, umati ukaenda kumdai baada ya swala ya Ijumaa ya tarehe 12, na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kati ya ubishi wa watoto na moto wa makanisa kulikuwa na muda wa kutosha kwa watu wazima kukutana, na hawakukutana.

Miezi minne baadaye, Februari 2013, ilikuwa zamu ya Buseresere, mkoani Geita, na chanzo kilikuwa nani achinje. Desturi ya Tanzania, isiyo na sheria nyuma yake, ni kwamba nyama ya kuuzwa au ya shughuli huchinjwa na Muislamu ili kila mtu ale. Baadhi ya Wakristo wa Kanda ya Ziwa waliona kwamba desturi hiyo inawalazimisha kula kilichochinjwa kwa ibada isiyo yao, wakataka kuchinja na kuuza wenyewe. Ugomvi ukazuka na mchungaji mmoja wa Kipentekoste akauawa kwa kukatwa mapanga.

Hapa Singida suala hilo liko jikoni. Mkoa huu unajulikana nchi nzima kwa kuku wa kienyeji, ambao husafirishwa katika matenga hadi masoko ya Dar es Salaam. Kijijini, mama wa Kilutheri anayetarajia wageni humtuma mtoto na kuku mkononi kwa jirani Muislamu. Jirani humlaza kuku, humchinja, na mtoto hurudi naye nyumbani huku damu ikidondoka njiani. Mama hakuulizwa imani yake, na jirani hakudai ujira. Desturi hiyo imedumu kwa sababu ilikuwa hisani ya jirani kwa jirani. Machinjioni na mabuchani mambo ni tofauti, kwa kuwa kuchinja huko ni ajira, ajira ina malipo, na malipo yana wanaoyagombea. Hapo ndipo hisani huweza kugeuka kuwa madai ya haki, na madai ya haki kuvaa nguo za dini. Yafaa wasikilizaji walio viongozi wa kata wajiulize kama wanajua nani angeketi kuamua iwapo ugomvi wa Buseresere ungeanza kesho katika soko lao.

Hoja ya nne: muumini kunyimwa haki ya kuuliza

Hoja hii ndiyo kiini cha mhadhara. Malalamiko na ugomvi mdogo vipo kila mahali, lakini si kila mahali watu huuana. Panapotokea maafa makubwa, karibu kila mara huonekana kundi ambamo mtu mmoja au wachache wamejitwalia mamlaka ya kusema Mungu anataka nini, na muumini wa kawaida amepoteza ruhusa ya kuuliza.

Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ni mfano ulio wazi kupita yote. Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao, akiwemo padri msomi, Dominic Kataribabo. Wafuasi walikatazwa mazungumzo ya kawaida, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Waliuza mashamba, ng'ombe na nguo, fedha wakakabidhi kwa viongozi, kwa kuwa dunia ingekwisha na mwaka 1999. Mwaka 2000 ulipoingia na dunia ikabaki mahali pake, baadhi yao walifungua vinywa na kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 wafuasi waliokusanyika waliteketea katika jengo lililofungwa milango na madirisha, na katika siku zilizofuata makaburi ya halaiki yalifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa ni mamia. Inafaa kuzingatiwa kwamba maafa yalikuja baada ya maswali kuanza. Kwa kiongozi wa namna ile, muumini anayeuliza ni hatari kubwa kuliko adui wa nje.

Miaka 23 baadaye yakatokea ya Shakahola, Kilifi, nchini Kenya. Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alikuwa akihubiri Malindi dhidi ya shule, hospitali na vitambulisho vya serikali kabla wafuasi wake hawajahamia msituni. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa huko, mingi ya watu waliofunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu, na uchunguzi wa baadhi ya miili ya watoto ulionyesha dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie ameyakana mashtaka. Lililo wazi bila kungoja hukumu ni mpangilio wa mafundisho yenyewe: shule ikiondolewa, mtoto hana mwalimu wa kumuuliza, hospitali ikiondolewa, mama hana mganga wa kumuuliza, na familia ikihamishiwa msituni, hata shangazi hayupo wa kuuliza mbona watoto wamekonda.

Mpangilio huohuo unaonekana kwa makundi yanayojiita ya jihadi, ingawa mahubiri ni tofauti. Katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, vijana waliokuja kushika silaha mwezi Oktoba 2017 walianza kwa kugombana na masheikh wao wenyewe, wakiingia misikitini na viatu na kuwakataza watu shule za serikali. Wazee wa dini waliokuwa na elimu ya kuwajibu ndio walioitwa makafiri kwanza. Vita hivyo vilivuka mto mwezi Oktoba 2020, wanakijiji wa Kitaya, Mtwara, waliposhambuliwa. Kwa hiyo Muislamu wa kawaida na Mkristo wa kawaida wana adui mmoja, yaani mtu anayewaambia kwamba kuuliza ni kukufuru.

Singida yenyewe inao mfano wake, na wazee waliopo ukumbini walisimuliwa na wazazi wao. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu wa Unyaturu waliuawa na wauaji waliovaa ngozi za simba, na kwa muda mauaji hayo yalihesabiwa kuwa ya simba wenyewe, kwa kuwa ilisadikika kwamba wapo watu wenye uwezo wa kuwamiliki simba na kuwatuma. Aliyeshuku alinyamaza, akihofu kwamba akitaja jina atatumiwa simba. Hayo hayakuwa ya Uislamu wala Ukristo, lakini ukimya ulifanya kazi ileile ya Kanungu: muuaji alilindwa na hofu ya watu kusema walichokiona.

Hoja ya tano: siasa, na mkono wa dola

Hoja hii inatosha kuelezwa kwa maneno machache. Mwanasiasa anayepungukiwa na hoja huazima mimbari, na kiongozi wa dini anayetaka ukubwa huazima jukwaa la siasa. Dola nayo, inapojibu kwa nguvu isiyo na sheria, huwapa wenye itikadi kali kile walichokosa, yaani shahidi wa kuombolezwa. Mohammed Yusuf, mwanzilishi wa Boko Haram, alikufa mikononi mwa polisi wa Nigeria mwezi Julai 2009. Kundi lililomfuata baada ya hapo lilikuwa katili maradufu. Mombasa ilichafuka kwa ghasia Sheikh Aboud Rogo alipouawa kwa risasi tarehe 27 Agosti 2012, mauaji ambayo wafuasi wake waliyahusisha na polisi. Hapa nchini, masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu kwa miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi hadi mashtaka yalipofutwa mwezi Juni 2021 bila kesi yao kufikia hukumu. Kama walikuwa na hatia, haki ilidai wahukumiwe mapema. Kama hawakuwa nayo, ilidai waachiwe mapema. Mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji huko Kibiti, mkoani Pwani, ambako askari wanane waliuawa kwa siku moja tarehe 13 Aprili 2017, yanathibitisha kwamba dola ina maadui wa kweli, lakini adui wa kweli hapatikani kwa kuzoazoa kila mwenye ndevu na kanzu fupi.

Yaliyo mbele ya Singida

Mji huu ni njia panda: barabara ya Dodoma kwenda Mwanza inakutana hapa na ile ya Babati na Arusha, na reli inapita Manyoni na Itigi. Wahubiri wapya watakuja, wengine na elimu njema na wengine na maneno makali, na hakuna sheria inayopaswa kuwazuia, kwa kuwa Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa dini wa kila mtu. Kinachowezekana ni kuwa tayari.

Kila kata inaweza kuwa na baraza dogo la maimamu, mapadri, wachungaji, akina mama na wauza nyama, litakaloandika desturi za mahali hapo kuhusu kuchinja, mazishi, vipaza sauti na viwanja vya ibada, na litakalojulikana kwa majina ili mtu ajue abishe hodi wapi usiku ubishi unapoanza. Wazazi nao wana haki ya kuingia madrasa au kambi ya kanisa saa yoyote na kusikiliza mtoto wao anafundishwa nini. Mwalimu anayewafungia wazazi mlango asikabidhiwe mtoto. Polisi wa mkoa wangefanya vema kukutana na baraza hilo wakati wa utulivu, wasingoje siku ya mabomu ya machozi.

Kwa kila sheikh, padri na mchungaji aliyemo ukumbini, ombi ni moja: Ijumaa au Jumapili ijayo, baada ya ibada, atenge nusu saa waumini wamuulize lolote, vijana na wanawake wakitangulia, na kwa swali asiloliweza awaambie wazi kwamba analipeleka kwa wenye elimu zaidi na kwamba wiki ifuatayo atarudi na jibu.